Utando Mweupe: Historia ya Ugonjwa Uliosingiziwa Mengi

Kuna magonjwa yanayoua na kuna magonjwa yanayoumbua. Leo, ndugu msomaji, naomba tuzungumze juu ya haya ya pili. Najua wapo watakaogeuza ukurasa haraka haraka wakidhani gazeti lao limevamiwa na bwana afya. Vumilia kidogo, mshikaji. Haya ni mambo ya historia, na ndani yake mna Warumi waliovaa nguo nyeupe, mna akina mama wawili wa Marekani waliotumiana udongo kwa posta, na umo mkoa wetu wa Kagera katika miaka yake ya giza.

Ugonjwa wenyewe una majina mengi, na hakuna hata moja lililotulia. Hospitalini wanasema fangasi. Vitabuni utakuta kuvu, au hamira. Ukimpata mtoto mchanga mdomoni, bibi atakwambia mtoto ana utando, na nyumba nzima itamwonea huruma. Lakini ukimpata mama wa mtoto huyo huyo sehemu za siri, lugha yetu inabadilika ghafla. Anaambiwa "anatokwa na uchafu". Hebu litazame neno hilo. Fangasi ni yule yule, rangi ni ile ile nyeupe, tena mara nyingi mtoto kaupata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa. Mmoja ni mgonjwa, mwingine ni mchafu! Ukitaka kujua jamii inamhukumu nani, sikiliza majina inayoyapa magonjwa yake.

Ndiyo maana nimeamua kuandika historia ya utando huu. Kwa muda mrefu watu wameuona kwa macho yao, na karibu kila kizazi kimeusoma vibaya. Kuna waliousoma kuwa ndio muuaji, kuna waliousoma kuwa ni ushahidi wa uzinzi, na kuna waliousoma kuwa ni hati ya kifo. Na kila uliposomwa vibaya, kuna mtu aliyelipa.

MBUZI NDANI YA SHAMBA

Ugonjwa huu si wa juzi. Maandishi ya Wayunani yanayobeba jina la tabibu Hippocrates, ambayo yana umri wa zaidi ya miaka 2,300, yanataja vidonda vya aina hii vinywani mwa watu ambao maradhi mengine yalikwisha kuwakondesha. Wazee wale hawakuwa na hadubini, lakini waliona jambo moja la kweli kabisa: utando huu hupenda kumfuata aliyekwisha dhoofika.

Zikapita karne nyingi. Mwaka 1839 Mjerumani mmoja, Bernhard von Langenbeck, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa mkubwa wa upasuaji, alimchunguza mtu aliyekuwa amekufa kwa homa ya matumbo. Akauona utando mweupe, akauweka chini ya hadubini, akakuta nyuzi nyuzi za kuvu. Basi akakata shauri: hiki ndicho kilicholeta homa.

Hakikuwa hicho. Homa ya matumbo inaletwa na bakteria, na siku hizo hakuna aliyekuwa anawajua. Lakini kosa la Langenbeck ni kosa ambalo hata mimi na wewe tungelifanya. Umemkuta mbuzi anakula mboga ndani ya shamba lililovunjwa ua, ukaona moja kwa moja kuwa mbuzi ndiye aliyevunja ua. Kumbe ua ulivunjwa usiku na nguruwe mwitu, mbuzi kapita tu asubuhi. Shika mfano huu wa mbuzi, maana tutaurudia tukifika kwetu.

Miaka michache baadaye, huko Stockholm nchini Uswidi, daktari Fredrik Theodor Berg alikuwa akiwachunguza watoto wachanga wenye utando mdomoni. Alichukua utando wa watoto wagonjwa akautia vinywani mwa watoto wazima, nao wakaugua. Leo jaribio kama hilo kwa watoto lingemfikisha mtu mahakamani. Lakini kitabu chake cha mwaka 1846 kilionyesha kwamba utando wa watoto hauletwi na maziwa mabaya wala jicho la mtu. Unaletwa na kiumbe hai. Jijini Paris, David Gruby naye alikuwa amekwisha kumwelezea kiumbe huyo mwaka 1842. Mwaka 1849 Mwingereza Wilkinson akaandika kwamba amemkuta kuvu kama huyo kwa mwanamke, ukeni. Na mwaka 1875 tabibu Haussmann akaunganisha habari zote mbili: wa kinywani mwa mtoto na wa ukeni mwa mama ni yule yule mmoja.

Kwa hiyo tangu mwaka 1875 sayansi inajua kuwa mtoto na mama wana ugonjwa mmoja. Maneno yetu ya mtaani bado hayajapata habari hiyo.

NGUO NYEUPE ZA WAGOMBEA

Kiumbe huyu alipewa majina kadhaa na wataalamu kadhaa, kila mmoja akivutia kwake, mpaka mwaka 1923. Mwaka huo mwanamke wa Kiholanzi, Christine Berkhout, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht, akalitenga kundi hili la fangasi na kuliita Candida. Huyu tunayemzungumzia anaitwa Candida albicans.

Jina hilo linanichekesha. Katika Roma ya kale, mtu aliyekuwa akigombea cheo alivaa vazi lililopakwa chokaa likawa jeupe pe, ili watu wamwone kuwa ni msafi. Vazi hilo liliitwa toga candida. Albicans nalo ni neno la Kilatini lenye maana ya kuwa jeupe. Yaani jina zima ni kama kusema "mweupe anayezidi kuwa mweupe". Mtaalamu huko Ulaya anaona rangi ya usafi, sisi huku tunasema uchafu. Kila mtu na miwani yake.

Sasa huyu mgombea wetu anaishi wapi? Usiangalie choo cha jirani. Anaishi ndani yako. Watu wengi wazima kabisa wanaye kinywani, tumboni na, kwa wanawake, ukeni, na hawajui kama yupo. Anakaa kimya kwa sababu kinga ya mwili inamchunga, na kwa sababu wapo bakteria wema wanaoishi naye. Ukeni bakteria hao hutengeneza tindikali inayozuia fujo. Mambo huharibika pale walinzi hao wanapopungua. Anapotumia viuavijasumu vinavyoua bakteria wabaya na wema kwa pamoja, anapopata mimba, anapougua kisukari kisichodhibitiwa, anapotumia baadhi ya dawa zinazopunguza kinga, au kinga inaposhuka kwa ugonjwa, fangasi huyu huchachuka kama unga uliotiwa hamira ukaachwa juani. Inakadiriwa kuwa wanawake 3 kati ya kila 4 watapatwa naye angalau mara moja maishani mwao. Watatu kati ya wanne! Kama huo ni uchafu, basi tuseme karibu mama zetu wote ni wachafu, na sidhani kama yupo atakayethubutu.

UDONGO NDANI YA KIFURUSHI

Penisilini ilipoanza kutumika kwa wingi miaka ya 1940, dunia ilishangilia. Watu waliokuwa wafe kwa kidonda kilichooza wakapona. Lakini madaktari wakaanza kuona jambo jipya: mgonjwa anapona nimonia, halafu kinywa chake kinajaa utando. Dawa iliwafyeka bakteria, fangasi akaachiwa uwanja. Na dawa salama ya kumuua fangasi ndani ya mwili wa binadamu haikuwepo.

Hapa ndipo wanaingia akina mama wawili. Elizabeth Lee Hazen alizaliwa mwaka 1885 huko Mississippi, akawa yatima akiwa mtoto mdogo, akalelewa na ndugu. Rachel Fuller Brown alizaliwa mwaka 1898 huko Massachusetts. Wote walifanya kazi katika maabara za idara ya afya ya jimbo la New York, lakini Hazen alikuwa katika jiji la New York na Brown alikuwa mjini Albany, mbali kwa safari ya saa kadhaa. Wakafanya kazi kwa posta. Hazen alikusanya udongo kutoka sehemu mbalimbali, akaotesha vijidudu vilivyomo, na alipoona kimoja kinamshinda fangasi alikifunga ndani ya chupa na kukituma Albany. Brown, aliyekuwa mkemia, alikamua dawa iliyomo, akairudisha kwa posta hiyo hiyo ili ijaribiwe. Nyingi ziliua fangasi, lakini ziliua na panya wa maabara pia.

Udongo uliofaulu Hazen aliuchukua kwenye shamba la marafiki zake huko Virginia. Mwaka 1950 wakatangaza dawa yao. Wakaiita nistatini, jina lililokatwa kutoka New York State, yaani jimbo lililowaajiri. Dawa hiyo ilipata hataza na kuingiza zaidi ya dola milioni 13. Hazen na Brown hawakuchukua hata senti moja ya fedha hizo kwa ajili yao. Zote zilielekezwa kwenye utafiti wa sayansi. Ulipotokea mwaka 1966 ule mafuriko mkubwa wa Florence nchini Italia, michoro ya kale ikaota kuvu, dawa hiyo hiyo ya vinywa vya watoto ilitumika kuiokoa.

Nikisoma habari za hawa wanawake huwa najiuliza kwa nini sikuwasikia shuleni. Tulikariri jina la Alexander Fleming mpaka tukaliota. Hazen na Brown hawakuwa kwenye ubao.

KAGERA, NA KOSA LA MBUZI

Sasa turudi nyumbani, kwa kupitia Los Angeles.

Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya kila wiki ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani ilichapisha habari fupi ya vijana 5 wa kiume waliougua nimonia ya ajabu. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wote watano, pamoja na mengine, walikuwa wamepatwa na fangasi huyu wa utando. Hiyo ndiyo ripoti ya kwanza ya ugonjwa ambao baadaye sisi tuliuita UKIMWI. Yaani siku ya kwanza kabisa UKIMWI unaandikwa, utando mweupe ulikuwamo kwenye karatasi.

Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha kileo kilichokuwa kikipita mpakani na wafanyabiashara. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, uliitwa Slim, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Mwaka 1985 madaktari walipoandika juu ya Slim katika jarida la Lancet, utando wa kinywani ulikuwa miongoni mwa dalili walizozitaja.

Tatizo lilikuwa kipimo. Mashine za kupima damu ndiyo kwanza zimeanza huko Ulaya na Marekani, na hospitali nyingi za Afrika hazikuwa nazo. Basi mwezi wa Oktoba 1985 Shirika la Afya Duniani liliwakusanya wataalamu mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakatunga utaratibu wa kumtambua mgonjwa kwa macho. Waligawa dalili mafungu mawili. Kubwa zilikuwa tatu: kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, kuharisha zaidi ya mwezi, na homa ya zaidi ya mwezi. Ndogo zilikuwa kadhaa: kikohozi kisichokwisha, vipele vya kuwasha mwili mzima, mkanda wa jeshi unaorudi, tezi zilizovimba, na utando mweupe wa kinywa na koo. Ili mtu mzima ahesabiwe kuwa na UKIMWI, alitakiwa awe na dalili kubwa angalau mbili pamoja na ndogo angalau moja, tena pasiwe na sababu nyingine inayojulikana, kama saratani au utapiamlo mkali.

Soma tena hapo, ndugu yangu. Utando peke yake haukutosha. Wataalamu wa Bangui waliuweka kwenye fungu la dalili ndogo, wakafunga na kufuli.

Lakini mtaani nani alisoma karatasi ya Bangui? Mtaani lilifika neno moja tu: ulimi mweupe. Wazazi wetu wanasimulia jinsi watu walivyokuwa wakitazamana vinywa. Mtu katoka hospitali katumia dawa kali za kifua, ulimi umekuwa mweupe, kijiweni wamekwisha kumzika: "Huyo kaukwaa." Mzee ana kisukari ambacho hakijapimwa, kinywa kina utando, wanawe wanaambiwa wamtengee kikombe. Wale wale waliokuwa wakijitia ushujaa kwamba kirefu cha AIDS ni "Acha Iniue Dogodogo Siachi", wakiona utando kwa mwenzao wanahama benchi. Ndilo kosa la Langenbeck hilo, limesafiri miaka 150 likafika kwenye kijiwe cha kahawa. Mbuzi kaonekana shambani, kesi imekwisha.

Sisemi kwamba dalili ile ilikuwa ya uongo. Wengi waliokuwa na utando ule kweli walikuwa na virusi, na mpaka leo mtu mzima anayeota utando kinywani bila sababu inayoeleweka ashauriwe apime. Ninachosema ni kwamba dalili inakutuma ukapime. Haikuambii kilichomo ndani ya damu ya mtu.

Na tena utando wenyewe una tiba, jambo ambalo lilisahauliwa kabisa katika hofu ile. Afrika ya Kusini wanamkumbuka Christopher Moraka. Alikuwa na virusi vya UKIMWI, na mwaka 2000 alikwenda mbele ya wabunge kueleza jinsi wagonjwa wanavyoshindwa kununua flukonazoli, dawa ya fangasi yenye nguvu, kwa sababu ya bei. Mwezi Julai mwaka huo huo akafa, akiwa na fangasi huyu aliyeenea vibaya na dawa hiyo hana. Mwezi Oktoba, Zackie Achmat wa kundi la Treatment Action Campaign akasafiri hadi Thailand, akarudi na maelfu ya vidonge vya flukonazoli iliyotengenezwa huko, vya bei ya chini mno, akaviingiza nchini mbele ya macho ya kila mtu huku akijua anavunja sheria ya hataza. Kampeni hiyo wakaipa jina la Moraka. Linganisha na wale akina mama wawili walioitoa hataza yao kwa sayansi, halafu ufikirie mwenyewe.

"KAMLETE MUMEO"

Sasa tuje kwa dada zetu, ambao wamelipa kuliko wote, tena kimya kimya.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 mkoani Mwanza ulifanyika utafiti uliokuja kujulikana dunia nzima. Jamii 12 za vijijini zilichaguliwa. Katika 6, zahanati zilipewa dawa na mafunzo ya kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara. Sita nyingine zilisubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: katika jamii zilizopata huduma, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 40. Ni kazi ya kujivunia, na imeokoa watu.

Lakini kutibu kwa kufuata dalili kuna upande wake wa pili. Kwa mwanamume anayetoka usaha njia ya mkojo, dalili inasema kweli, mara nyingi ni kisonono au mwenzake. Kwa mwanamke anayetokwa na majimaji ukeni, dalili inaweza kusema mambo mengi. Huenda ni ugonjwa wa zinaa, lakini mara nyingi ni fangasi au ni bakteria waliopoteza mizani yao tu. Sasa tazama mambo yanavyokwenda pale mhudumu anapokuwa na haraka. Binti kafika zahanati, kasema kwa sauti ya chini kwamba anawashwa. Bila kuulizwa zaidi kaandikiwa dawa za zinaa, kaambiwa: "Kamlete mumeo." Anarudi nyumbani na karatasi. Mume anaisoma karatasi ile kama hukumu ya mahakama. Hajui kwamba hata bikira anaweza kupatwa na fangasi. Hajui kwamba wiki mbili nyuma mkewe alikunywa viuavijasumu vya jino. Anachojua ni kwamba mke kaleta ugonjwa ndani ya nyumba. Na balaa juu ya balaa, zile dawa za kuua bakteria zinaweza kumwongezea fangasi nguvu.

Ndoa ngapi zimevunjika kwa muwasho? Hakuna daftari la mambo hayo. Yanamalizikia vyumbani, au barazani kwa wazee, na mke anafunga virago.

KUUTAMBUA

Kwa hiyo tujifunze kuusoma utando huu jinsi ulivyo. Zamani pwani mwari alikuwa na kungwi wake wa kumfundisha mambo ya mwili. Siku hizi wengi wetu tuna dawa za dukani na aibu.

Fangasi ukeni kwanza kabisa huwasha. Muwasho ndio mlio wake. Sehemu za nje huwa nyekundu, huvimba kidogo, huchoma mkojo unapopita, na huuma wakati wa tendo la ndoa. Majimaji yakiwepo huwa meupe, mazito, yamegandana mabonge mabonge kama maziwa ya mgando. Kwa kawaida hayana harufu mbaya. Hiyo ndiyo picha yake.

Kama majimaji ni mepesi, ya kijivu, na yananuka shombo la samaki, hasa baada ya tendo, huyo si fangasi. Mara nyingi ni bakteria waliozidiana. Kama ni ya kijani au manjano, yana povu na yananuka, huenda ni trikomona, ambao ni ugonjwa wa zinaa na mwenzako naye atibiwe. Kama kuna maumivu chini ya kitovu, homa, au damu isiyo ya siku zako, usikae kungoja, nenda hospitali leo. Na kumbuka kwamba ute mwepesi usiowasha wala kunuka, unaobadilika kadiri ya siku za mwezi, ni maumbile ya mwanamke. Hauhitaji dawa yoyote, wala ndimu, wala siki, wala sabuni ya manukato kuingizwa ndani. Vitu hivyo vinaudhi uke na kuwafukuza wale walinzi wema.

Wanaume nao wasicheke. Fangasi huweza kuleta wekundu, muwasho na vipele kwenye kichwa cha uume. Kwa mtoto mchanga, utando wake si kama maziwa: maziwa yanafutika kwa kitambaa, utando unang'ang'ania, na ukibanduka huacha pekundu. Mama anayemnyonyesha achunguzwe chuchu pia, wasije wakarudishiana.

Je, ukishajua picha hii, ujitibu mwenyewe? Taratibu. Mwaka 1990 Marekani iliruhusu dawa za fangasi ukeni ziuzwe bila cheti cha daktari. Mwaka 2002 watafiti wa huko walichapisha habari za wanawake 95 waliokwenda kununua dawa hizo wakiamini wana fangasi. Walipopimwa, karibu theluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi peke yake. Wengine walikuwa na mambo mengine, au hawakuwa na kitu. Wamesoma, wana maduka ya dawa kila kona, na bado theluthi mbili hawakulenga sawasawa. Kwa hiyo mara ya kwanza kapime. Kipimo chenyewe ni kidogo: tone la majimaji juu ya kioo, hadubini, dakika chache. Ikithibitika, kuna vidonge vya klotrimazoli vya kuingiza ukeni, au flukonazoli ya kumeza, miligramu 150 mara moja. Mjamzito asimeze, yeye hupewa ya kuingiza. Na kama ugonjwa unarudi mara 3 au 4 kwa mwaka, daktari akupime sukari na akupime virusi. Mbuzi akiingia shambani kila siku, tafuta ua umevunjika wapi.

KWENU WAANDISHI

Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari kwa binadamu. Candida albicans wetu yumo katika kundi la juu kabisa, kwa sababu akiingia ndani ya damu ya mgonjwa mahututi anaua. Kwa hiyo si wa kuchezewa. Lakini yule wa kawaida, wa kinywani mwa mtoto na ukeni mwa dada, ni ugonjwa wa siku chache. Kilichomfanya mkubwa ni maneno yetu.

Na maneno, wenzangu, ndiyo kazi tuliyoichagua sisi wa kurasa hizi. Wengi wetu tuna daftari chini ya mto lenye riwaya isiyokwisha. Katika hadithi ngapi tumemwona mhusika akikohoa mara mbili, ulimi ukawa mweupe, na sura inayofuata ni mazishi? Katika hadithi ngapi mke kawashwa, mume akajua kasalitiwa, na mwandishi akakubaliana na mume? Ni njia ya mkato, msomaji anaelewa upesi. Lakini msomaji huyo huyo kesho atamtazama dada yake kwa macho tuliyompa sisi.

Mimi katika riwaya yangu nimemwandika binti mmoja anayetoka zahanati na karatasi mkononi. Nimemfikisha mlangoni kwake, mume yuko ndani. Sijaamua bado mume atasema nini. Lakini nimekwisha kuamua kwamba karatasi ile itaandikwa "fangasi", haitaandikwa "uchafu", na kwamba mmoja wao atakuwa anajua maana yake.